Mshauri wa uhusiano anauza nini?

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)

Mpenzi msikilizaji, wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama usemi huo ungekuwa kweli kwa kila jambo, basi yupo mtu mmoja hapa mjini ambaye asingekuwa na kazi hata kidogo. Huyo ni mshauri wa uhusiano wa umma, yule ambaye makampuni, hospitali, vyama vya ushirika na hata shule humwita jina lao linapoanza kutajwa vibaya, au wanapotaka lianze kutajwa vizuri. Kwa hesabu ya wahenga, mwenye kitu chema hamhitaji, na mwenye kitu kibaya anamtuma akakitembeze.

Lakini mtu huyu yupo. Katika miaka ya 1990, mashirika yetu ya umma yalipobinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa, maofisa uhusiano nao walikuwamo katika orodha. Mtu alitoka ofisini na mafao yake, barua ya shukrani, na daftari lililojaa namba za simu za wahariri. Siku hizi njia hiyo hiyo inapitwa na mwandishi aliyepunguzwa gazetini, na kijana aliyemaliza chuo akachoka kutembeza bahasha ya kaki yenye vyeti. Anasajili jina la biashara, anachapisha kadi, anaandika chini ya jina lake: Mshauri wa Uhusiano. Kuanzia siku hiyo hana bosi. Au ndivyo anavyodhani.

Wiki hii, mpenzi msikilizaji, tuulize swali moja tu. Mtu huyu, asiye na kiwanda, asiye na duka, asiye na gazeti wala redio, anauza nini hasa?

Kwanza tuondoe dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake ni matangazo. La hasha. Anayetangaza hununua nafasi gazetini au dakika redioni, na ndani ya nafasi hiyo husema apendavyo, ilimradi asivunje sheria. Mshauri wa uhusiano hanunui nafasi. Anampelekea mhariri habari, na mhariri yuko huru kuichapa, kuikata nusu, au kuitupa kapuni. Ndiyo maana msomaji huiamini habari kuliko tangazo: anajua kwamba kati yake na kampuni amesimama mtu wa tatu aliyeipima.

Dhana ya pili ni kwamba kazi hii ni ya suti, vinywaji na kupiga picha na wakubwa. Sherehe zipo, lakini sehemu kubwa ya kazi haionekani. Ni kusoma magazeti yote kabla ya saa mbili asubuhi. Ni kukaa na mkurugenzi na kumwambia kwamba wateja wake hawalalamikii bei, wanalalamikia lugha ya makarani wake. Ni kuandika taarifa ya ukurasa mmoja ambayo mwandishi mwenye haraka ataielewa mara moja. Na wakati mwingine, tena ndiyo kazi ngumu kuliko zote, ni kumwambia anayekulipa jambo asilotaka kulisikia.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Hebu tuchukue mfano, na ni mfano tu wa kubuni. Ni Jumamosi jioni. Simu ya mshauri inalia. Ni mwenye kiwanda kidogo cha juisi, mteja wake mkubwa. Watu kadhaa katika mtaa mmoja wamelazwa kwa kuharisha, na wote wanasema walikunywa juisi yake. Picha za chupa zimekwisha kusambaa katika simu za watu.

"Bwana, niandikie taarifa sasa hivi. Sema juisi yetu ni salama, imepimwa, na hizi ni njama za washindani."

"Mzee, pole sana. Imepimwa lini?"

"Andika tu imepimwa. Tutapima Jumatatu."

Mshauri huyu anafanya nini? Anajua jibu lililo sahihi. Hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lakini mteja huyo ndiye anayemlipa theluthi mbili ya pato lake lote, na wiki mbili zijazo shule zinafunguliwa. Tumwache hapo kwanza, simu ikiwa sikioni, tukatazame waliomtangulia.

Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ni Mmarekani aliyeitwa Ivy Lee. Alikuwa mwandishi wa magazeti mjini New York kabla ya kuhamia upande wa pili wa meza. Mwaka 1906 alipeleka kwa wahariri tamko fupi la kueleza namna atakavyofanya kazi: kwamba kazi yake itafanyika hadharani, si kwa siri, kwamba anachopeleka ni habari, si matangazo, na kwamba habari hizo zitakuwa sahihi na mhariri atasaidiwa kuzihakiki. Oktoba mwaka huo huo, treni ya kampuni ya reli iliyokuwa mteja wake iliacha njia huko Atlantic City na kutumbukia majini. Watu zaidi ya 50 walikufa. Desturi ya makampuni ya reli zama hizo ilikuwa kufunga midomo na kuwazuia waandishi wasifike. Lee alitoa taarifa ya maandishi kueleza kilichotokea. Taarifa hiyo huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa taarifa za kwanza kwa vyombo vya habari za aina tunayoijua leo.

Mpaka hapo, msikilizaji, ungesema mtu huyu alikuwa mwalimu wa ukweli. Sikiliza basi kilichofuata. Mwaka 1914 wachimbaji wa makaa ya mawe katika jimbo la Colorado walikuwa wamegoma, wakiishi na familia zao katika mahema mahali paitwapo Ludlow. Tarehe 20 Aprili askari wa jimbo na walinzi waliishambulia kambi hiyo, na mahema yakateketea. Wanawake wawili na watoto 11 walikutwa wamekufa katika shimo walimokuwa wamejificha chini ya hema. Kampuni kubwa kati ya makampuni ya migodi yaliyogomewa ilimilikiwa na familia ya Rockefeller, na John D. Rockefeller mtoto akamwajiri Ivy Lee aieleze nchi upande wa wenye migodi.

Lee akatoa mfululizo wa vipeperushi. Ndani yake mlikuwa na makosa mazito. Malipo ya mwaka mzima ya viongozi wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano, yalielezwa kana kwamba waliyapokea kwa wiki tisa tu. Alipoitwa mwaka 1915 mbele ya tume iliyochunguza migogoro ya kazi, alikiri kwamba takwimu alipewa na kampuni naye hakuzihakiki. Yeye kazi yake ilikuwa kuzipanga vizuri. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la Poison Ivy, ambalo ni jina la mmea unaowasha kama upupu. Jina hilo halikumtoka tena. Mwaka 1934 alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kwa kuishauri kampuni ya Kijerumani ya IG Farben wakati Hitler amekwisha kushika madaraka, na miezi michache baadaye, mwezi Novemba, akafariki dunia.

Tazama tofauti ilivyo ndogo. Mwaka 1906 aliahidi kwamba habari zake zinaweza kuhakikiwa. Mwaka 1914 hakuzihakiki mwenyewe. Hapakuwa na siku moja aliyoamka akaamua kuwa mwongo. Alikubali tu kwamba ukweli ni shauri la mteja, na yeye shauri lake ni maneno.

Pengine utasema hayo ni ya zamani na ya mbali. Basi tuje karibu. Jijini London palikuwa na kampuni kubwa na mashuhuri ya uhusiano iliyoitwa Bell Pottinger. Mwaka 2016 ilichukua kazi Afrika Kusini kwa ajili ya kampuni ya familia ya Gupta, iliyokuwa ikituhumiwa kujinufaisha kwa ukaribu wake na Rais wa wakati huo, Jacob Zuma. Malipo yalikuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Kampeni iliyofuata ililalamikiwa kwamba inachochea chuki za rangi katika nchi ambayo madonda yake ya ubaguzi hayajapona. Mwezi Julai 2017 kampuni ikaomba radhi. Septemba mwaka huo chama cha fani hiyo nchini Uingereza kikaifukuza uanachama. Wateja wakakimbia mmoja baada ya mwingine, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa imekwisha kukabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi.

Fikiri, mpenzi msikilizaji. Kampuni yenye ofisi, wanasheria na wateja katika nchi nyingi ilianguka ndani ya wiki chache, kwa sababu ghala lake halikuwa na bidhaa nyingine ila jina. Je, mtu mmoja mwenye kadi, simu na kompyuta ya mkononi atasimama kwa siku ngapi?

Basi swali letu limeanza kujibika. Mshauri anauza kuaminika kwake, na anakuuza mahali pawili kwa wakati mmoja. Mteja anamwamini kwamba atatunza siri zake na kumshauri bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mhariri anamwamini kwamba taarifa yenye jina lake haina uongo. Akipoteza imani ya mhariri, hana tena cha kumuuzia mteja. Kwa hiyo mteja anayemwomba aseme uongo anamwomba achome moto duka lake ili kumpikia yeye chai.

Hapa panahitajika kutofautisha mambo mawili. Kunyamaza si kusema uongo. Mshauri anaruhusiwa, tena analazimika, kutunza siri halali za mteja: bei anazopanga, mashauriano ya kununua kampuni nyingine, maradhi ya mkurugenzi. Anaweza kumwambia mwandishi, "Jambo hilo siwezi kulizungumzia." Asichoweza ni kusema "hapana" mahali ambapo jibu ni "ndiyo". Na siri nayo ina mpaka: ikiwa afya au maisha ya watu yako hatarini, hakuna mkataba unaogeuza kunyamaza kuwa heshima.

Yote haya ni rahisi kuyasema redioni. Lakini mshauri wetu wa Jumamosi bado ana simu sikioni na ada za shule mezani. Kwa nini inamwia vigumu kusema hapana? Si kwa sababu hana maadili. Ni kwa sababu ya hesabu alizozifanya, au alizoshindwa kuzifanya, miaka miwili iliyopita. Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wengi hudhani fedha ni jambo moja na maadili ni jingine.

Mtu anayetoka kazini hupiga hesabu hivi. Nilikuwa nalipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mwezi una siku 22 za kazi. Kwa hiyo siku yangu ina thamani ya shilingi 55,000 hivi, nitatoza hizo. Kosa kubwa! Anasahau kwamba mshauri halipwi siku zote 22. Siku nyingine anatafuta wateja, nyingine anaandika mapendekezo yatakayokataliwa, nyingine anafuatilia hundi aliyoahidiwa mwezi uliopita, na nyingine amelala na malaria. Akipata siku kumi za kulipwa ashukuru. Anasahau pia kwamba pango, umeme, simu, usafiri na matengenezo ya kompyuta, vitu alivyovipata ofisini bila kuviona, sasa ni vyake. Tuseme ni shilingi 800,000. Ili abaki na 1,200,000 anahitaji kuingiza milioni mbili, na milioni mbili kwa siku kumi ni shilingi 200,000 kwa siku. Anayetoza 55,000 atafanya kazi usiku na mchana, na bado atakuwa na njaa. Mwenye njaa hasemi hapana.

Kuna na kodi. Hapa Tanzania, kampuni inapomlipa mshauri mkaazi hukata kodi ya zuio asilimia 5 ya malipo ya huduma. Ankara ya shilingi milioni moja humfikia ikiwa 950,000. Zile 50,000 hazijapotea: adai hati yake ya kodi ya zuio na kuitunza, kwa maana zitahesabiwa atakapokadiriwa kodi ya mwaka. Wengi hawaidai, kisha hulia kwamba wametozwa mara mbili.

La tatu ni mteja mmoja mkubwa. Huyu huja kama neema. Analipa kila mwezi, analipa vizuri, na polepole mshauri anaacha kutafuta wengine. Siku anapogundua kwamba theluthi mbili ya pato lake inatoka mfuko mmoja, hana budi kukiri kwamba amerudi kuajiriwa, isipokuwa safari hii hana likizo, hana matibabu, wala mafao. Wateja wanne wa kati ni bora kuliko jabali mmoja, hata kama jumla ya malipo ni ndogo kidogo. Na kabla ya kununua gari, aweke akiba ya kumfikisha walau miezi mitatu. Akiba haiozi, kwa mshauri wa uhusiano, akiba ndiyo inayozungumza Jumamosi jioni.

La nne ni mkataba. Wengi hufanya kazi kwa kupeana mikono, kwa kuwa mteja ni shemeji, au walisoma pamoja. Mkataba wa kurasa mbili unatosha, ilimradi useme kazi ni ipi na ipi haimo. Malipo ni kiasi gani, na sehemu ipi hutangulia. Nani upande wa mteja mwenye idhini ya mwisho. Na kwamba mteja anawajibika kwa ukweli wa maelezo anayotoa, na mshauri ana haki ya kujitoa akitakiwa kueneza asichokiamini. Kifungu hicho cha mwisho ni mstari mmoja tu. Lakini mteja aliyeutia sahihi siku ya furaha atakumbushwa kwa upole siku ya shida, bila ugomvi.

La tano ni ahadi. Mshauri anayemwahidi mteja ukurasa wa kwanza anauza mali isiyo yake. Ukurasa wa kwanza ni wa mhariri. Akiisha kuuahidi, atatafuta njia ya kuupata, na njia iliyo karibu kila mtu anaijua: bahasha. Watu husema mkono mtupu haulambwi. Husema pia kwamba ni nauli tu. Kijana wa gazeti anayetoka mbali kuja kwenye mkutano ana haki ya nauli, lakini mwajiri wake ndiye mwenye wajibu wa kumlipa. Na hata tukiweka maadili kando, biashara yenyewe ni mbaya. Habari iliyonunuliwa leo na mteja wako inaweza kununuliwa kesho na mshindani wake kwa bei ya juu zaidi. Mwandishi uliyempa bahasha hajawa rafiki yako, umemfundisha bei.

Sasa turudi kwa yule tuliyemwacha na simu sikioni. Kama alipanga hesabu zake, anaweza kusema maneno haya: "Mzee, taarifa hiyo siwezi kuiandika. Lakini nipe saa moja nije tuandike nyingine, na hiyo ndiyo itakayokuokoa." Kisha anamuuliza maswali matatu. Tunajua nini kwa hakika? Hatujui nini bado? Tutafanya nini, na lini? Taarifa inayotoka usiku ule inasema kwamba kiwanda kimepata malalamiko, kinawapa pole waliougua, kimesimamisha mauzo ya toleo hilo, sampuli zimepelekwa kupimwa, na majibu yatatangazwa yakipatikana, yawe mazuri au mabaya. Si kwamba amekiri kosa ambalo halijathibitishwa. Amekiri tu kwamba wanaoumwa ni watu.

Je, ushauri huo unafilisi? Mwaka 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu na mtu asiyejulikana. Kampuni ya Johnson & Johnson haikusema kwamba sumu haikutiwa kiwandani kwake ikaishia hapo. Iliwaonya watu wasivitumie, ikarudisha kutoka madukani chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Mwezi Novemba mwaka huo ilirudi sokoni na chupa zenye lakiri tatu, ambazo mnunuzi angeweza kuona kama zimefunguliwa. Ndani ya takribani mwaka mmoja ilikuwa imerejesha sehemu kubwa ya wateja wake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, hawa hawakuficha.

Na mteja akikataa? Akisema, "Basi nitamtafuta mwingine"? Atampata, msikilizaji, tusidanganyane. Mjini hapakosi mtu wa kuandika chochote kwa bei yoyote. Mshauri wetu atarudisha sehemu ya malipo ambayo hajaifanyia kazi, ataandika barua fupi ya kujitoa, na hatamsema mteja wake mitaani. Januari itakuwa ngumu. Lakini Jumatatu mhariri akipokea taarifa nyingine yenye jina lake, kuhusu mteja mwingine, ataisoma bila kutafuta uongo uliojificha.

Nanyi mnaoajiri washauri, wenye maduka, shule na zahanati, nina neno moja kwenu. Mkikaa na mshauri kwa mara ya kwanza, msimuulize anajuana na wahariri wangapi. Muulizeni ni lini mara ya mwisho alimkatalia mteja, na kwa nini. Akikosa jibu, jueni kwamba atakubali kila mtakalosema, na mtu wa namna hiyo mnao tayari wa kutosha ofisini.

Kwa hiyo wahenga hawakukosea. Chema chajiuza, lakini katika mji wenye kelele nyingi kinahitaji mtu wa kukitaja kwa jina lake halisi. Kibaya chajitembeza, na kitaendelea kutafuta wa kukibeba. Mtu huitwa mshauri wa kujitegemea si kwa sababu hana bosi. Huitwa hivyo kwa sababu, simu ikilia Jumamosi jioni, anao uwezo wa kusema hapana.

Kwa leo tuishie hapo, mpenzi msikilizaji. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaherini.